Miti Iliyochunwa Gome

Wako watu wanaoamini kwamba uyoga huletwa na radi. Nimewasikia hapa Mitwero, watu wazima wenye ndevu zao, wakieleza kwamba radi ikipiga ndipo uyoga unapomwagika ardhini. Mimi huwaacha na radi yao. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, mwanamke aliyeujua uyoga kama wengine wanavyojua kuku wao wanapotagia, na tangu utotoni nilifahamu kwamba uyoga hautoki mbinguni. Unatoka chini ya mti, na si kila mti.

Kwetu ni nyuma ya Kikole, kwenye vilima ambako minazi inakwisha na miombo inaanza. Habari ninazoandika ni za miaka ya Mjerumani, nilipokuwa msichana ambaye bado hajavunja ungo. Mvua za kwanza zikishanyesha, wanawake waliingia msituni na vikapu. Wengine walitangatanga. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye myombo fulani, akapekua majani makavu kwa kijiti, na uyoga ukawa pale, mwingine mwekundu, mwingine wa rangi ya kiini cha yai, umeuzunguka mti. Mkwaju aliupita bila kuutazama. Mnazi vivyo hivyo. Nilipomwuliza sababu alinicheka.

"Wewe ukienda kuomba moto, unabisha hodi nyumba isiyopika?"

Alikuwa na masharti yake, na aliyeyavunja alimpa kikapu arudi nyumbani peke yake. Jembe halikuruhusiwa chini ya mti wa uyoga. Majani uliyoyafukua uliyarudisha kama ulivyoyakuta. Uyoga wa kwanza wa mwaka haukuliwa. Uliachwa shinani pamoja na konzi moja ya unga. Mwalimu wa chuo aliyekuwa akipita kijijini kwetu alimwambia hiyo ni shirki. Bibi akamjibu kwamba anatoa sadaka tu, na kama mwalimu ana njaa basi na yeye anakaribishwa. Mwalimu akaondoka kwa hasira. Siku ya pili alileta bakuli apewe mchuzi.

Siku moja, nikiwa nimechoka kumwuliza na yeye amechoka kunijibu, bibi alipiga magoti chini ya myombo akafunua udongo kwa vidole, polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Chini ya majani yaliyooza kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa pamba, zimetanda kila upande. Aliuinua mzizi mmoja mwembamba. Ncha yake ilikuwa imevikwa ngozi nyeupe, kama kidole kilichochovywa kwenye uji. Kutoka kwenye ncha ile nyuzi zilikwenda zikashika mzizi mwingine, na mzizi ule tulipoufuata ulikuwa wa mti wa pili, si wa huu tuliokaa chini yake. Udongo wote ulinukia uyoga, ingawa uyoga wenyewe ulikuwa bado haujaota.

"Huu ndio uyoga," bibi akasema. "Ule unaoula wewe ni tunda lake tu."

"Sasa nani anamla nani, bibi? Uyoga unaula mti?"

"Haliwi mtu hapa. Ni watani."

Kwa msomaji ambaye hakulelewa na utani, nieleze. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu na kujipakulia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kesho utamfanyia yeye vilevile, na ukipatwa na msiba atafika kukuchimbia kaburi wakati ndugu zako bado wanatafuta viatu. Ndivyo bibi alivyouona mti na uyoga. Mti unapika juu, kwenye majani, na moto wake ni jua. Uyoga hauna majani, kwa hiyo hauwezi kupika. Unakula cha mti. Lakini mti nao una mizizi minene isiyopenya kila mahali, na uyoga unapenya. Unachota maji na chumvi za udongo mahali ambapo mzizi usingefika, unampelekea mtani wake. Na kwa kuwa uyoga mmoja unashika miti mingi, miti nayo inakuwa imeshikana kwa chini bila sisi kuiona.

Alinionyesha na vichipukizi vya miombo vilivyokaa kwenye kivuli kizito, vimefifia lakini haviko tayari kufa. Alisema vinalishwa na wakubwa kupitia kwa mtani. Hilo sikuliamini, na hata leo sijui ningelithibitisha vipi. Hayo mengine nimeyaona kwa macho.

Kisha likaja shamba la jumbe. Amri ilitoka boma kwamba kila jumbe alimishe pamba, na watu wake wote waende kulima bila kuuliza watapata nini. Akida alipita na askari kuchagua mahali, akachagua pazuri, penye udongo mweusi na miombo mikubwa. Miti ikakatwa, visiki vikachomwa, pamba ikapandwa kwa mistari. Wanaume walirudi na migongo iliyovimba kwa kiboko. Wanawake tulichokipoteza hakikuonekana mpaka mvua zilipokuja. Bibi alikwenda mwenyewe kukagua, akazunguka shamba lile lote kando kando, akarudi na kikapu kitupu.

"Wamewafukuza wapishi," alisema, akakiangika kikapu.

Hakuna aliyemsikiliza, na siwalaumu. Watu walikuwa na mambo makubwa zaidi ya uyoga. Zilishaanza kunong'onwa habari za maji ambayo mtu akiyanywa na kujipaka, risasi ya Mjerumani inageuka tone. Baba aliyanywa. Alijipaka, akachukua mkuki wake, akaenda na wenzake. Waliorudi walisema risasi ilimwingia kifuani na maji hayakuizuia. Sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu sikuwapo, na nimechoka na watu wanaosimulia vita kana kwamba walikuwa wamekaa juu ya mti wakitazama.

Mama alikuwa mjamzito. Askari walikuja baada ya hapo wakachoma nyumba na maghala. Walichoma maghala kwa makini kuliko nyumba, na sisi watoto tulishangaa. Wakubwa walielewa palepale. Tukakimbilia msituni, kwenye bonde jembamba lenye mawe, sisi watu wanne: bibi, mama, mjomba na mimi. Mjomba ni ndugu wa mama wa tumbo moja. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, kwa hiyo baba alipokufa hatukubaki bila mwenyewe. Mjomba alitoka kwenye moto na mkuki na shoka lake, na mzigo mmoja tu, fundo la mbegu za mtama na kunde alilolifunga kwa kaniki ya mama.

Mdogo wangu alizaliwa bondeni mvua zilipoanza. Alizaliwa kimya, bibi akampiga makofi mawili, akalia, mama akamziba mdomo kwa titi ili sauti isifike mbali. Tangu siku ile kazi yetu ilikuwa moja. Tulikuwa tumemzika baba bila kuuona mwili wake, na mama alisema wazi kwamba huyu hatamzika. Kila tulichofanya, kuchimba, kutega, kuiba asali, tulikifanya ili mama ashibe kidogo na maziwa yatoke.

Mwaka ule wa kwanza tulifaulu, ingawa mbegu hatukuthubutu kuzipanda, maana askari walikuwa bado wakizunguka. Tulikula ming'oko. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme ni viazi vyembamba vya porini, vinachimbwa kwa taabu na vinaokoa watu. Lakini mama akila ming'oko mitupu, maziwa yalikuwa mepesi na mtoto alilia. Kilichotuokoa ni miombo iliyokuwa katikati ya bonde, michache, mikubwa, imesimama karibu karibu baina ya mawe. Chini yake uyoga uliota kwa wingi ambao bibi mwenyewe alisema hajawahi kuuona. Mama aliula mchana na jioni, uliochemshwa kwa chumvi ya majivu, na mwingine tuliukausha juu ya mawe tukauweka. Mdogo wangu akawa na mashavu. Mjomba alimwita mzee wa kijiji kwa sababu hakuwa na meno na alikuwa akiamrisha kila mtu.

Ardhi ilipokauka mambo yalibadilika. Askari walichoma vilima vyote vilivyotuzunguka ili kuwatoa watu mafichoni. Bonde letu liliponea kwenye mawe. Miombo mingine iliyosalia ilikuwa upande wa barabara, ambako wafungwa walikuwa wakilima njia na askari wamesimama na bunduki. Huko hatukwenda. Tulikaa na bonde letu, tukala ming'oko na uyoga mkavu, na tukasubiri mvua tupande.

Hapo likatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mbegu zilianza kuharibika. Kaniki ilikuwa imeoza, mchwa wameingia, na mjomba alipoifungua alikuta sehemu imeliwa. Mbegu inahitaji kilindo. Hicho ni chombo cha gome la mti. Gome linachunwa zima kuzunguka shina, linaviringishwa likiwa bado laini, linashonwa kwa kamba na kuwekewa tako na kifuniko. Panya hakitoboi, maji hayaingii. Mjomba alikuwa fundi wa vilindo na alijua kwamba miombo inapotaka kuchipua, kabla tu ya mvua, ndipo gome linaachia vizuri. Akanoa shoka lake, akasema anakwenda ng'ambo ya mawe kutafuta mti.

Bibi akamzuia. Katika ukoo wetu kulikuwa na mila kwamba kilindo cha mbegu hakichunwi mti wa ugenini. Kinachunwa mti unaosikia kinu cha nyumba, yaani ulio karibu kiasi kwamba mwanamke akitwanga, sauti inaufikia. Mbegu ikilala kwenye gome geni, walisema, itaota kama mgeni, na mgeni hakai. Kijijini mila hii haikumsumbua mtu. Miti ya karibu na nyumba ilikuwa mingi, mbuzi walishaikanyaga chini na hakuna aliyetegemea kupata uyoga pale.

"Kinu chenyewe hatuna, mama," mjomba akasema. "Tunasaga juu ya jiwe, tena tunaogopa hata kukohoa."

"Jiwe nalo lina sauti yake. Nani kakwambia tukifukuzwa nyumbani tunafukuzwa hata kwenye mila?"

Mjomba akacheka, akageuka, akaiendea miombo ya katikati ya bonde. Alichuna mitatu, iliyo minene na iliyonyooka. Mmoja wa mtama, mmoja wa kunde, na wa tatu aliutolea kitanda cha mdogo wangu, maana mvua zilikuwa karibu, ardhi ingelowa, na mtoto alikuwa na kikohozi. Nilikuwapo. Alikata duara juu, akakata duara chini, akapasua mstari mmoja wa kuyaunganisha, kisha akaingiza kabari za mti na kulibembeleza gome mpaka likatoka zima. Shina lilibaki uchi, jeupe, linateleza. Nililigusa kwa ulimi. Lilikuwa tamu.

Hatukuona ubaya wowote. Na hapa nataka nieleweke, kwa sababu nimewasimulia watu wakasema bibi alikuwa mzee amesahau. Hakusahau. Miti ile ilichipua kama mingine. Majani yalitoka mekundu, yakawa ya kijani, yakatanda. Ungepita ungesema ina afya kuliko sisi. Mvua zikaja, mjomba akafungua vilindo, mbegu zikawa nzima, tukazipanda zote kwenye uwazi mdogo nyuma ya mawe. Hatukubakiza hata punje ya kutafuna. Hesabu yetu ilikuwa rahisi: mtama ungeiva mvua zitakapokwisha, na hadi hapo mama angekula uyoga.

Uyoga haukuota.

Tulingoja. Kila asubuhi bibi alikwenda na kijiti chake, akapekua, akayarudisha majani. Alisema mvua bado haijaingia ndani. Baadaye akasema imezidi. Siku moja alipiga magoti akafunua udongo kwa vidole, na mimi nikachuchumaa kando yake. Nyuzi hazikuwapo. Zilibaki chache, za rangi ya majivu, ukizigusa zinakatika. Ncha za mizizi zilikuwa uchi. Nikanusa udongo. Ulinukia udongo.

Bibi aliinua macho akatazama shina lililochunwa, akatazama majani mabichi juu yake, akarudi kutazama shina. Nikaona amefahamu. Mti unapika juu, na chakula kinashuka kwa njia ya gome. Tulikuwa tumeukata koo. Juu chungu kilikuwa kinachemka bado, majani yanajishibisha yenyewe, na chini hakuna kilichokuwa kikifika, si kwa mizizi, si kwa mtani wake. Kandokando ya bonde, chini ya miombo midogo ambayo mjomba hakuigusa, tulipata uyoga kidogo, wa kujaza viganja. Basi.

Nikiwa hapo niongeze jambo la miaka ya baadaye, nisije nikalisahau. Nilipoolewa hapa Mitwero nilitaka miti ya mkongo nyuma ya nyumba, maana nilipenda mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Nilipanda kwenye mchanga huu wa pwani, miche ikatoka, ikasimama, ikawa ya manjano, haikui wala haifi. Mume wangu alisema ninaimwagilia kwa maneno mengi mno. Nikaenda msituni, nikachota udongo wa chini ya mkongo mkubwa, pakacha zima, nikaufukia kwenye mizizi ya ile miche. Mwaka uliofuata ilikuwa imenipita kimo. Kwa hiyo mtu asiniambie nilikuwa mtoto nikaona vibaya.

Bondeni hali ilikuwa mbaya. Mdogo wangu alikuwa ameanza kutambaa. Akaacha. Alikaa alipowekwa. Shingo yake ikawa nyembamba na kichwa kikawa kikubwa, akawa hatuamrishi tena. Mama alimpa titi, akavuta mara mbili tatu, akaliachia bila kulia. Kulia angalau kungetupa moyo.

Mjomba na bibi waligombana siku ile bibi aliposema sababu. Sikuwahi kumsikia mjomba akimpandishia mama yake sauti.

"Mimi nilitaka kwenda mbali! Wewe ndiye uliyenielekeza miti hii!"

"Ni mimi," bibi akasema.

Nadhani mjomba alikuwa amejiandaa kwa jibu lingine. Akakaa chini, akafunika uso. Mimi niliwachukia wote wawili, na mama pia nilimchukia kwa sababu hakumgombeza mtu. Niliona wakubwa wote ni wajinga. Nilikuwa na njaa.

Mwanamke mmoja wa kijiji chetu alipita akichimba ming'oko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti iliyoniambia kwamba yeye alikuwa ameshiba. Alitupa habari. Aliyejisalimisha bomani, akiwa mwanamke, alipangiwa kupalilia mashamba na alipewa mchele wa kupika. Yeye mwenyewe alikuwa huko na mtoto wake alikuwa hai. Lakini mwanamke anayekuja peke yake huulizwa mwanamume wake yuko wapi, na huulizwa kwa kiboko mpaka aseme. Na mwanamume akipatikana anatiwa mnyororo, kama hakunyongwa.

Akaondoka. Mama ndiye aliyeanza.

"Simtoi ndugu yangu."

"Hujaombwa umtoe," bibi akasema.

"Nasema mapema ili msiniombe. Mtoto nitazaa mwingine. Ndugu sizai."

Alisema hivyo huku amemkumbatia mdogo wangu kwa nguvu mpaka nikaogopa atamvunja. Mjomba alisimama, akamchukua mtoto mikononi mwa mama, akampakata.

"Huyu ni wangu," alisema. "Baba yake hayupo. Sasa nani anapaswa kumlisha, wewe au mimi? Hunitoi. Natoka mwenyewe."

Mama alimvuta nguo, akalia, akamwambia ana kichaa. Bibi hakulia wala hakumzuia. Alikwenda kwenye uwazi wetu akaanza kupalilia mtama, na alipoulizwa kama anakuja alijibu kwamba nyani na nguruwe hawajasalimu amri, kwa hiyo yeye atabaki kuwalinda watoto wake wengine, yaani ile miche. Kabla hatujaondoka mjomba alimfuata shambani. Walizungumza nini sijui, nilikuwa mbali. Niliona tu bibi akimfuta mavumbi mgongoni kwa mkono, kama unavyomfanyia mtoto anayekwenda chuoni.

Tulitoka mchana, njia wazi, mjomba mbele ameshika mkuki kwa kuuburuta. Bomani aliuweka chini. Walimlaza wakampiga, kisha wakamvisha mnyororo shingoni pamoja na wengine na kuwapeleka kwenye kazi ya barabara na mizigo. Hawakumnyonga, mtu mmoja alisema alibahatika. Sisi tulipangiwa shamba. Mama alipalilia kuanzia asubuhi, jioni akapewa mchele, akaupika uji mzito, akala wote mbele yangu bila kunitazama, na mimi nilipewa ukoko. Sikulalamika. Siku chache baadaye maziwa yalirudi. Nilimwona mdogo wangu akivuta titi kwa pupa mpaka anapaliwa, mama akicheka na kulia kwa pamoja, na nilifurahi kiasi cha kuona aibu, kwa sababu kutoka shambani pale tulikuwa tukiwaona watu wa mnyororo wakipita.

Mjomba alikuwa akigeuza kichwa kututafuta. Mama alikuwa anamnyanyua mtoto juu ili aonekane. Halikuwepo neno, askari hawakupenda. Mdogo wangu alianza kutambaa tena, na siku ya kwanza mama alimwacha atambae hadi ukingoni mwa shamba wakati ule mnyororo ukipita. Mjomba alimwona. Sina shaka kwamba alimwona.

Baadaye mnyororo ulipita bila yeye. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye mnyororo alimwambia mama kwa haraka, bila kusimama, kwamba homa ilimshika njiani wakienda Lindi na mizigo, akashindwa kuinuka, wakamfungua wakamwacha kando ya njia. Mama aliuliza ni wapi. Yule mtu alikuwa amekwisha pita.

Tuliruhusiwa kurudi mtama ulipokuwa unavunwa. Bibi alikuwa amekonda kama fimbo lakini mtama ulikuwepo, umesimama, si mwingi, wa kutosha kula na kupanda. Alitutazama, kisha akatazama nyuma yetu. Mama akamwambia. Bibi aliketi palepale kwenye mabua akapiga yowe ambalo nilikuwa sijalisikia kwake tangu tuanze kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Miombo mitatu ya katikati ilikuwa imekauka mpaka juu.

Tulijenga upya kijijini. Miaka ikapita, Mjerumani yupo bado, na mdogo wangu akafikia umri wa kuingia jandoni. Kwetu anayemkabidhi mtoto kwa wazee wa jando ni mjomba wake. Wanawake wanaishia njiani. Siku ile wavulana walisimama kila mmoja na mjomba wake nyuma yake, na mdogo wangu alisimama peke yake, akitazama miguu yake. Mzee wa jando akauliza mjomba wa huyu ni nani. Watu walijua lakini walisita, kwani mila haikusema la kufanya mjomba akiwa amekufa. Bibi, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, aliuvuka mstari ambao mwanamke havuki, akaenda kusimama mbele ya wazee.

"Mjomba wake alitoka msituni kwa miguu yake mwenyewe ili huyu anyonye," alisema. "Mkitaka mwingine, niambieni mtamtoa wapi."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akaja akamshika mdogo wangu mkono, wakaingia.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa hajui. Hatukuwahi kumwambia; mama alidhani ni mzigo, na mimi sikuulizwa. Alipotoka jandoni, amenyolewa, amepakwa mafuta, amevishwa kanzu mpya, alinitafuta nyuma ya nyumba nilikokuwa nikipeta mchele. Nilijua atauliza, nikaweka ungo chini. Nilidhani atauliza juu ya mnyororo, au juu ya njia ya Lindi.

"Dada, alikuwa na sura gani?"

Nikafungua kinywa nimweleze. Nilikaa naye bonde moja misimu miwili ya mvua, nilikula alichowinda, nilimwona akitutafuta kwa macho kutoka kwenye mnyororo. Nikautafuta uso wake, sikuupata. Mdogo wangu alikuwa amesimama ananingoja.

Nikamwambia alikuwa mrefu.